Panya wa Kizimbani na Haki ya Jirani

Tumeletewa suala kutoka Tawa, mji mdogo wa Ukambani ulioko upande wa Mbooni, katika Kaunti ya Makueni. Mwenye kuuliza ni mtu wa pwani aliyehamia huko kwa biashara. Nyuma ya nyumba yake ana ua, na katika ua huo amejenga kizimba cha kuku. Panya wakamzidi: wakala chakula cha kuku, wakavunja mayai, wakaua vifaranga. Akanunua dawa ya panya kwa mchuuzi sokoni, akaichanganya na unga wa mahindi, akaitandaza kandokando ya ua wake. Haikupita juma moja wakafa panya wengi. Lakini wakafa pia kuku watatu wa jirani yake na paka mmoja. Jirani huyo, ambaye ni Mkamba na si Mwislamu, alipokwenda kumwuliza, alijibiwa: "Mimi nimetega katika ardhi yangu. Kuku wako na paka wako wamejileta wenyewe." Tangu siku hiyo hawaamkiani.

Suala lake ni hili: Je, kuua panya si jambo lililoruhusiwa? Na ikiwa limeruhusiwa, vipi mtu adaiwe kwa matokeo ya jambo la halali alilolitenda ndani ya mipaka yake?

Twaona kuwa suala hili ni kubwa kuliko panya. Latokea kila siku katika miji yetu kwa sura nyingine. Mwenye kufungulia maji machafu mlangoni pake yakateremkia kwa mwenziwe, na mwenye kuchoma taka uani kwake moshi ukaingia dirishani kwa mgonjwa, wote husema neno moja: "Niko kwangu." Kwa hivyo tumeonelea tulijibu kwa urefu kidogo, na tulipange mafungu manne: kuua kwenyewe, namna ya kuua, dhara inayovuka mpaka, na sababu iliyomleta panya hapo kwanza.

Ama kuua kwenyewe, hapana ubishi. Imepokewa katika hadithi zilizo sahihi kuwa panya ni mmoja katika viumbe vitano ambavyo huuliwa hatta ndani ya Haram ya Makka, mahali ambapo hatta ndege wa mwituni hafukuzwi. Wenziwe ni kunguru, mwewe, nge na mbwa mwenye kuuma. Mfuga kuku atazame hapo: watatu katika hao watano, yaani panya, kunguru na mwewe, ni maadui anaowajua yeye vizuri kuliko mtu mwingine.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwita panya kwa jina la fuwaisiqa, yaani kijifasiki. Neno fisq asili yake katika lugha ya Kiarabu ni kutoka. Waarabu walilitumia kwa tende inapotoka katika ganda lake. Baadhi ya wanazuoni wakasema kuwa viumbe hivi vimeitwa hivyo kwa kuwa vimetoka katika heshima waliyo nayo wanyama wengine, kwa sababu ya dhara yao. Basi tulishike neno hilo "kwa sababu ya dhara yao", kwani ruhusa iliyokuja na sababu hufuatana na sababu yake, na hukoma inapokomea.

Panya hana dhambi. Hajui changu na chako, hakuagizwa sala wala zaka, wala hatasimamishwa kuhesabiwa kwa ajili ya yai. Yeye ana njaa na watoto, na ameona nafaka. Ukitaka kujua kwamba hakuumbwa uovu mtupu, tazama Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa ugonjwa wa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alipelekwa Kambodia, na mpaka alipopumzishwa alikuwa amegundua mabomu 71 ya ardhini. Mwaka 2020 jumuiya moja ya Uingereza ya kuwatibu wanyama ilimpa nishani ya dhahabu. Panya huyo ameokoa miguu ya watoto ambao hatutawajua. Twalitaja hili ili ifahamike kuwa tunapomuua panya wa kizimbani hatumwadhibu, maana adhabu ni ya mwenye makosa. Tunaondoa dhara tu.

Na wala mtu asidhani kuwa kumwacha panya ni huruma. Mwaka 2022, katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, watu 20 walishikwa na maradhi ambayo serikali ya Tanzania iliyapa jina la homa ya mgunda, na watatu wakafa. Maradhi hayo huenezwa na mkojo wa wanyama, na panya ni katika wa mbele. Huko Lushoto, katika milima ya Usambara, tauni ilizuka mwaka 1980 na ikawa yarudi tena na tena kwa zaidi ya miaka ishirini. Na tauni hubebwa na viroboto wa panya. Mwenye kuwaachia panya nyumba yake awahurumie, na mtoto wake akanywa maji waliyoyatia mkojo, huyo hakujua huruma yaanzia wapi.

Basi tuingie katika fungu la pili, nalo ni namna ya kuua. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa hudhani kwamba kiumbe kilichoruhusiwa kuuliwa kimetolewa katika kila haki. Sivyo tulivyofundishwa. Tumefundishwa kuwa Mwenyezi Mungu amelazimisha wema katika kila jambo, na kwamba hatta mwenye kuua na mwenye kuchinja amelazimishwa kuufanya wema huo, akinoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Tumekatazwa kuadhibu kwa moto. Na tumesimuliwa khabari ya nabii mmoja katika manabii waliotangulia, aliyeumwa na chungu akaamrisha kichuguu kizima kichomwe, naye akalaumiwa na Mola wake: mmoja amekuuma, nawe umeangamiza umma mzima unaomsabihi Mungu. Ikiwa nabii amelaumiwa kwa ajili ya chungu, itakuwaje hali yetu sisi?

Tuzipime basi njia zetu. Mtego wa chuma wa kubana, ukiwa na nguvu na ukitegwa sawasawa, huvunja shingo kwa mara moja. Hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na wema. Mtego wa kizimba humshika panya akiwa hai, nao haudhuru, maadamu mwenyewe huutazama kila alfajiri. Lakini akimsahau ndani yake mpaka jua likamkausha, basi na amkumbuke yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia pasipo kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Gundi ya panya ni mbaya kuliko hizo. Panya hunata nayo kwa miguu na kifua, akapiga kelele usiku kucha, akajing'ata miguu, na huenda akakaa siku nzima kabla ya kufa. Atakayeitumia akiwa ana njia nyingine, sisi hatumwoni kuwa na udhuru.

Ama sumu, kwanza twataka watu waiite kwa jina lake. Wachuuzi hupita na vipaza sauti wakinadi dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, na sisi tumeipokea lugha hiyo bila ya kufikiri. Dawa ni kitu cha kuponya. Mtu akisema "nimeweka dawa", moyo wake hutulia. Lau angesema "nimetandaza sumu uani", angeuliza mara moja watoto wako wapi. Na sumu nyingi zinazotumika siku hizi hufanya kazi kwa kuzuia damu isigande, hatta panya akavuja damu ndani ya mwili wake. Hafi siku ile. Hukaa siku tatu, nne, hatta juma, akizidi kuwa mzito na kuzubaa, akatoka mchana hadharani. Na mwenye kumla katika hali hiyo amekula na sehemu ya sumu.

Hili latufikisha kwenye fungu la tatu, nalo ndilo shina la suala. Ndugu yetu wa Tawa asema: "Nimetega katika ardhi yangu." Twasema: ni kweli, lakini sumu haikukaa katika ardhi yako. Imetoka kwa miguu ya panya na kwa midomo ya kuku. Mtu humiliki ardhi yake. Hamiliki haki ya kukifanya kila kitokacho katika ardhi hiyo kuwa msiba wa mwingine. Na msingi mkubwa wa sharia yetu ni kuwa hakuna kudhuru wala kulipizana dhara.

Huenda mtu akasema: "Lakini kuku ndio walioingia kwangu. Mwenye kuku ndiye aliyepaswa kuwafunga." Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Dhara ya mnyama avukaye mpaka ni jambo la zamani. Qurani imetaja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Suleiman katika shamba lililoingiwa na kondoo wa watu usiku. Wafasiri wameeleza kuwa Daud aliona mwenye shamba apewe kondoo hao. Na Suleiman akaona mwenye shamba awashike kwa muda, anufaike na maziwa na sufi yao, huku mwenye kondoo akilitengeneza shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Na Mtume alipohukumu katika ngamia aliyeharibu bustani ya watu, aliweka kuwa wenye mabustani wayalinde mchana, na wenye wanyama wawalinde wanyama wao usiku.

Tazama hekima iliyomo. Mchana mnyama huachwa alishe, kwa hivyo mwenye mali ndiye wa kuangalia. Usiku watu hulala, kwa hivyo mwenye mnyama ndiye wa kumfunga. Hukumu imefuata desturi ya watu. Na desturi ya Tawa ni ipi? Kuku wa kienyeji huachiwa asubuhi wakajichakurie, wakapita ua hadi ua, na jioni kila mmoja hurudi kwao. Ndugu yetu ajua hivyo, na kuku wake mwenyewe hufanya hivyo. Basi aliyetandaza unga mtamu wenye sumu mahali anapojua kuwa kuku wa watu huja kudonoa mchana, huyo hawezi kusema kuwa wamejileta. Yeye ndiye aliyewaandalia. Na paka je? Ni nani asiyejua kuwa paka hufuata panya? Sisi tumefundishwa kuwa paka si najisi, kwa kuwa ni katika wenye kutuzungukazunguka majumbani. Watu wa Lamu wanaijua neema hiyo vizuri, na mji wao umejulikana duniani kwa paka wake.

Sisi si mahakama, wala hatumhukumii mtu tusiyemsikia yeye na mwenziwe pamoja. Lakini nasaha yetu kwa ndugu yetu ni hii: amlipe jirani yake thamani ya kuku watatu kwa bei ya soko. Katika thamani ya paka wanazuoni wana maneno mengi. Katika kuomba radhi hawana khitilafu. Aende mwenyewe, asitume mtoto. Na asijidanganye kuwa haki hii imepungua kwa sababu jirani si Mwislamu. Imepokewa kuwa sahaba Abdullahi bin Amri alichinjiwa kondoo nyumbani kwake, naye akawa auliza na kuuliza tena iwapo jirani yake Myahudi amepelekewa fungu lake. Ujirani ni ukuta, na ukuta haukuuliza dini ya mtu.

Lasalia fungu la nne, nalo watu hawapendi kulisikia. Panya wa kizimbani amealikwa na nani? Wafugaji hudhani kuwa panya huja kwa sababu ya kuku. Huja kwa sababu ya chakula cha kuku. Mtu humwaga mtama au chenga za mahindi asubuhi, kuku wakala wakasaza, na usiku ule uliobaki ndio karamu. Panya jike huchukua mimba muda wa majuma matatu hivi, akazaa watoto sita au wanane, na hao nao baada ya miezi mitatu huwa tayari kuzaa. Kuua watano leo na kumwaga chakula cha kumi kesho ni sawa na kufua maji katika dau linalovuja bila ya kulikalafati.

Basi kazi ianze hapo. Kuku wapewe kiasi wanachokimaliza kabla ya Magharibi, na sahani ya chakula iondolewe usiku. Nafaka iwekwe katika pipa la chuma lenye kifuniko kinachobana. Watu wa Makueni na Kitui wana sababu ya pili ya kuitunza nafaka: mwaka 2004 mahindi yaliyoingia unyevu na kuota ukungu wa sumukuvu yaliua watu 125 katika wilaya zao na za jirani. Mayai yaokotwe kabla ya giza. Kizimba kiinuliwe juu ya miguu, na kila miguu ivikwe bati lililo laini ambalo panya hawezi kulipanda. Wavu wa kuku uliozoeleka hautoshi, kwani panya mchanga hupenya na mkubwa huutafuna. Yatakikana wavu wa waya mgumu wenye matundu ya nusu inchi. Kuni, matofali na magugu viondolewe kando ya ukuta, maana panya huchukia kuvuka uwanja mweupe.

Baada ya hapo ndipo mtego. Utegwe kando ya ukuta, ndani ya sanduku lenye tundu dogo ili kuku na mtoto wasiufikie. Panya huogopa kila kitu kipya, kwa hivyo uachwe siku kadhaa na chambo bila ya kufyatuka, mpaka auzoee. Aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu, na azikwe. Na ikiwa panya wamekithiri hatta hapana budi ya sumu, basi iwe ndani ya sanduku lililofungwa, majirani wote waambiwe kabla, na mizoga itafutwe kila asubuhi. Mwenye kuona haya kuwaambia majirani, haya yake ndiyo dalili kuwa hafanyi sawa.

Kuna na rafiki mmoja tunayemfukuza kwa ujinga wetu, naye ni bundi. Bundi mmoja hula panya kadhaa kwa usiku mmoja, bila ya malipo. Lakini akilia juu ya paa, watu wa bara na wa pwani kwa pamoja husema kuwa ameleta kifo, wakampiga mawe. Waarabu wa ujahili nao walikuwa na itikadi yao juu ya ndege huyo, na Mtume aliikanusha kwa maneno ya wazi pamoja na itikadi nyingine za mikosi. Ajabu ni kuwa Mwislamu anayejua haya humuua bundi kwa khofu ya kifo, kisha akatandaza sumu uani kwake kwa mkono wake mwenyewe. Kifo alichokiogopa juu ya paa amekileta chini ya mlango.

Na sisi tulio pwani tusione kuwa haya ni mambo ya Ukambani. Kunguru hawa weusi wanaotusumbua leo waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji. Watu waliona ni wepesi kumwachia ndege kazi ya fagio. Taka hazikwisha, na kunguru wakaenea pwani nzima. Katika Mji wa Kale wa Mombasa nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, na panya wa mmoja ni panya wa mtaa mzima. Mmoja akiweka sumu peke yake, huwahamishia wenziwe mizoga. Mtaa ukikubaliana kufunika mapipa ya taka na kuziba matundu kwa siku moja, kazi hiyo huwa sadaka ya wote. Wahenga wamesema panya wengi hawachimbi shimo. Nasi twaongeza: majirani wasioamkiana hawalizibi.

Basi jawabu kwa ufupi ni kuwa kuua panya ni halali, na uhalali huo una mipaka yake. Wamfungia njaa ya kumfuga kwanza, wamuua upesi pasipo kumtesa, na waikomesha dhara mahali pako isivuke kwa mwenzio. Ikivuka, ni yako hatta kama imetembea kwa miguu ya mwingine. Ndugu yetu wa Tawa ameuliza, na kuuliza kwake ni dalili ya moyo ulio hai. Asingoje juma jingine lipite. Thamani ya kuku watatu ni ndogo, na kila siku ya kutoamkiana huizidisha.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.